Sifa za Mlango wa Buluu

"Kanda hini wameisifu wachu wasio na masikio," alisema Samiha. "Na wewe ukaacha sufuria Kismayo, ukabeba hini."

Hivyo ndivyo alivyomlaki mwanamume anayempenda. Salamu hakumpa. Samiha binti Athmani alikuwa na tabia moja ambayo shangazi yake alishindwa kumkanya tangu utotoni: jambo likimuuma, badala ya kulia hutafuta ugomvi. Na siku hiyo jambo lilikuwa limemuuma hadi mifupani. Baada ya sala ya alasiri baba yake angesimama nje ya pazia pamoja na mashahidi wawili, amuulize kama ameridhika kuozwa Abdulmalik.

Fahad alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta wa mawe akipanga betri za redio juani, moja moja, kama mtu anayeanika samaki. Betri zilikuwa zimechoka. Kisiwa kizima cha Chovai hakikuwa na duka lililobaki na betri, basi kila mchana alizianika zipate joto, nazo zilimlipa kwa nyimbo chache kabla hazijazimia tena. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye kope ambazo mwanamke yeyote angezitamani. Kope hizo ndizo zilizomponza Samiha, ingawa mwenyewe angekula kiapo kwamba hata hazijui.

"Sufuria kila pahali ziko," alijibu Fahad bila kuinua uso. "Mlango wa Buluu ni moya tu."

"Na uwe moya. Ungekuwa na ndugu ungetuua."

Shangazi Zaituni, aliyekaa kivulini akisuka ukili, alicheka puani. Yeye ndiye aliyewekwa kuwachunga, maana haifai mwanamwali na kijana wa kiume kukaa wawili peke yao. Alikuwa mlinzi wa aina yake: macho yote kwenye ukili, masikio yote kwao.

Mlango wa Buluu halikuwa jina halisi la kanda hiyo. Ilikuwa albamu ya roki ya Waingereza fulani, na jina lake la Kiingereza liliwashinda vijana wa Kismayo kulitamka. Lakini jaladani palikuwa na mlango wa buluu uliosimama peke yake mchangani bila nyumba, nao wakaibatiza hivyo. Binamu yake Fahad, baharia, ndiye aliyekuja nayo. Fahad aliiazima, akainakili, meli ikaondoka na kanda yenyewe. Kutoka nakala ile moja zikazaliwa nakala za mji mzima.

Duka lake la kanda lilikuwa karibu na soko, na jioni lilijaa wabishi. Palibishaniwa albamu ipi ni mfalme wa roki na ipi imebebwa na jina tu. Kila mmoja alikuwa na yake, lakini mbele ya Mlango wa Buluu wote waliinamisha vichwa. Sababu ilikuwa imebandikwa ukutani: karatasi ya gazeti la muziki la Kiingereza, iliyokuja imefungiwa vikombe kutoka Mombasa, iliyosema kwamba duniani haijapata kutokea albamu kama ile. Gazeti limesema, nani tena wa kubisha?

Wa kubisha akaja siku moja na shangazi yake, kununua kanda ya taarabu. Alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Nani aibiwa kuku humu ndani?"

Wabishi walinuna. Fahad alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo Samiha alikuwa na kanda ya kurudisha kila wiki, mara imekwaruza, mara imejikunja, na shangazi alikuwa na subira isiyo na mwisho ya kumsindikiza. Wakabishana kuhusu magitaa na ngoma, na wala hawakuwahi kukubaliana. Yeyote aliyekuwa na macho alijua kwamba wale wawili wamekwisha kwa mapenzi.

Kisha mizinga ikaanza kulia Kismayo, na mambo ya duka na wabishi yakaisha. Watu walitoka na walichoweza kushika. Athmani, baba yake Samiha, fundi wa mashua na mtu wa maneno machache, alileta jamaa zake Chovai kwa ndugu. Fahad akawafuata, begani kaning'iniza redio kaseti, mkononi mfuko wa kanda. Athmani alimtazama akishuka majini, akasema mbele ya watu, "Wachu wabeba watoto wao. Hoyo abeba makelele." Tangu hapo jina la Fahad kwa Mzee Athmani likawa Makelele, na binti yake akakatazwa kulitaja lile jingine.

Ama Abdulmalik, huyo hakuwa na jina la utani. Ndiye mwenye chombo kilichokuwa kikivusha watu kwenda Kenya. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mpole, mkono wazi, sala hazimpiti. Vikongwe aliwabeba mgongoni ili wasilowe. Kisiwa kizima kilimwimba. Na kesho asubuhi chombo chake kingeondoka na jamaa ya Athmani ndani yake.

"Haya," alisema Fahad, sasa akimtazama. "Usitukane tu. Nambie kanda hini ubaya wake ni upi."

"Mwimbaji akimbia."

"Akimbia?"

"Akimbia, tangu mwanzo hata mwisho! Na sauti imembana kooni, hujui ni mwanamume au ni mtoto. Ngoma zamfuata nyuma kama mbwa. Mchu mwenye huzuni hakimbii vile, Fahad. Angalia ngoma yetu ya vugo. Pembe yapigwa, mwimbaji avuta pumzi, wachu waitikia. Pana pahali pa kupumua. Huyo wako hapumui."

"Ndiyo roki hiyo."

"Basi roki ina pumu."

Ukili ulimponyoka shangazi kwa kicheko. Fahad akauma mdomo asicheke naye, maana alikuwa amekasirika kweli. Mtu akikutukania mamako utasamehe. Akikutukania kanda uliyoibeba chini ya risasi, inataka moyo.

"Samiha, dunia nzima yasema kanda hini ndiyo kuu. Gazeti lasema. Mabaharia wasema. Kismayo yote yasema. Wewe peke yako ndiye—"

"Wamesema, wakaambizana."

"Wachu wote hawawezi kukosa!"

Samiha aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na mzaha wote umemtoka.

"Hawawezi kukosa?"

"Hawawezi."

"Haya. Chovai yote yasema Abdulmalik ndiye mume. Baba asema. Imamu asema. Wanawake wa kisimani wasema, nikiteka maji hawana jingine. Wachu wote hawawezi kukosa. Basi niolewe naye yeo, Fahad? Wewe ndiye unayenambia?"

Fahad alikuwa ameshika betri mkononi na hakujua aiweke wapi. Walitazamana, na katika kutazamana kule mlikuwa na mambo yote ambayo kwa miaka miwili waliyafunika kwa magitaa. Fahad alimwona alivyokonda. Aliona mkono wake mmoja umepakwa hina tayari, kazi ya wanawake wa nyumbani, na mwingine umefichwa chini ya shela kwa kuikataa.

"Sikusema hivyo," alisema Fahad taratibu.

"Umesema hivyo hasa. Kama sifa za wachu ndizo hoja, umeshindwa, na mimi nimeshindwa nawe. Sasa toa gazeti. Toa mabaharia. Wewe mwenyewe, Fahad, wasikia nini humo?"

Fahad aliigeuza betri mkononi. Shangazi Zaituni aliinamia ukili wake kana kwamba kuna tundu.

"Nasikia wimbo wa mwisho," alisema Fahad. "Mchu amesimama mlangoni kwa wachu. Asema, alivyonifasiria binamu yangu, sina zawadi, sina la kujivunia, nina mkono wa kubishia tu. Nitabisha mpaka mkono huu uchoke, na ukichoka nitabisha kwa wa pili. Nimeuuza wimbo huo siyui mara ngapi na sikuwahi kuujali. Siku ile ulosimama dukani ukauliza habari za kuku, ulipoondoka nikaurudia. Ndipo nikajua asema nini. Mimi sikuibeba kanda hini kwa sababu ya gazeti. Nimeibeba kwa sababu wewe umo."

Samiha hakuwa mwanamke wa kulegea kabla ya kumaliza hoja.

"Miaka miwili. Mbona hukunambia?"

"Nilikuwa nataka kushinda mabishano."

"Mjinga wewe."

"Naam."

"Na mlangoni kwa baba umebisha?"

Fahad akainama.

"Hujabisha," alisema Samiha. "Wakaa hapa kuanika betri na kuwatetea Waingereza. Wamngoja nani akusemee kwa baba? Gazeti?"

Maneno hayo yalimchoma, na alistahili kuchomwa. Nami nikisimulia haya sina cha kumtetea. Wanaume wenye kope nzuri mara nyingi hungoja mambo yajipange yenyewe.

"Uweke," alisema Samiha. "Huo wimbo wa mwisho. Nataka niusikie kabla ya alasiri."

Fahad akazikusanya betri, akazitia redioni, akageuza kanda upande wa pili na kuipeleka mbele hadi karibu na mwisho. Betri zilikuwa zimepata joto lakini nguvu hazikuwa nazo. Gurudumu dogo lilizunguka kwa uvivu. Akabonyeza.

Kwanza ilitoka ngoma. Iligonga, ikangoja, ikagonga. Halafu gitaa likaingia chini, zito, linaburuza kila sauti kana kwamba halitaki kuiacha. Na kisha akaimba mwanamume. Hakuwa yule wa kuku. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kifuani, iliyochoka, isiyo na haraka na mtu, na mwishoni mwa kila mstari ulimsikia akivuta pumzi.

Mikono ya Shangazi Zaituni ilisimama.

"Nani hoyo?" alinong'ona Samiha.

"Siyui," alisema Fahad. Aliitazama redio, akaitazama kanda iliyomo. "Ni yeye. Maneno ni yale yale. Nitabisha mpaka mkono uchoke..."

"Si yeye."

Fahad akajipiga paji la uso. "Betri! Wallahi, Samiha, ni betri! Siku ile nilonakili, umeme ulikuwa umekatika mji mzima na meli yaondoka. Nikaunga redio mbili kwa waya. Hini yenye kuimba niliitia betri mpya, na ile yenye kunasa sikuwa na za kutosha, nikaitia zilochoka. Imenasa ikijikokota. Basi kila ukiiweka kwenye redio yenye nguvu, yaenda mbio na sauti yapanda juu. Miaka yote hini! Yeo, kwa kuwa betri zimechoka kuliko siku zote, ndiyo yaenda mwendo wake."

"Kwa hivyo Kismayo yote..."

"Kismayo yote tumepigania kanda ambayo hakuna aloisikia. Hata mimi."

Angecheka, ila alipomtazama Samiha aliona machozi yakishuka hadi kidevuni na yeye hayafuti. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono wake wenye hina kifuani.

"Apumua," alisema. "Fahad, hoyo apumua."

Fahad akaizima redio kwa upole kuhifadhi nguvu iliyobaki. Upepo ulipeperusha vipande vya ukili miguuni pa shangazi.

"Basi umeshindwa?" aliuliza, nusu mzaha.

"Nimeshindwa. Yastahiki sifa zake zote. Lakini hao walokuwa wakiisifu dukani kwako, wamebahatisha tu."

Fahad akasimama, akapangusa vumbi magotini. Akaichukua redio, akaiweka mbele ya Samiha juu ya mkeka, akarudi nyuma kwa adabu.

"Kaa nayo. Pamebaki kidogo, siyui ni kiasi gani. Ukiogopa, uiweke."

"Na wewe waenda wapi?"

"Kubisha," alisema Fahad.

*

Mzee Athmani alikuwa barazani na Abdulmalik, mashahidi wawili na wanaume wengine wa jamaa, wakingoja sala. Fahad aliwaamkia wote, akawapa mikono kuanzia kwa mkubwa, kisha hakukaa.

"Ami Athmani, nimekuya kumposa Samiha."

Mtu mmoja alikohoa. Abdulmalik aliinua macho. Athmani alimtazama kijana kutoka kandambili hadi utosi.

"Yeo? Saa hini? Mwenye posa ameketi hapa, wewe waniletea posa?"

"Nimechelewa, ami. Nakiri. Lakini bado hajaulizwa."

"Una nini?"

"Nina mikono miwili. Nami nitafanya kazi yoyote tutakakofika."

"Na redio," aliongeza mtu, na watu wakacheka. Athmani hakucheka.

"Sikiza, mwanangu," alisema, na safari hii hakumwita Makelele. "Mimi nilikuwa na nyumba, na karakana, na mashua mbili juu ya magogo zangoja kushushwa. Hapana hata kimoya. Twendako siyui tutalala wapi, wala nani atatulinda. Njiani pana wachu wenye bunduki wasojua haya. Nina binti moya. Nataka akivuka awe na mume mwenye jina, mchu akimtazama vibaya aulizwe wajua huyu ni mke wa nani. Mapenzi yenu na kanda zenu, vitamfaa nini?"

Lilikuwa swali la baba. Fahad alisema tu, "Muulize yeye, ami."

"Nitamuuliza. Ndiyo sheria. Akinyamaza, uchukue redio yako uketi mbali nasi."

"Na akinena?"

"Mwanamwali haneni," alisema Athmani, na wazee wote wakatikisa vichwa kukubali. Kwa watu wao ndivyo ilivyokuwa tangu enzi: mwanamwali haya zake ndizo kinywa chake. Huulizwa, hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa. Athmani alikuwa shahidi wa ndoa nyingi na hajapata kusikia pazia likijibu.

Adhana ikaingia. Wakasali safu moja, Fahad na Abdulmalik bega kwa bega, maana nafasi ilikuwa hiyo.

*

Ndani, Shangazi Zaituni alimfunika Samiha shela na kumkalisha juu ya mkeka nyuma ya pazia. Redio ilikuwa pajani mwake, chini ya shela.

"Shangazi," alisema Samiha, "wewe ulipoulizwa ulifanyaje?"

Zaituni alikuwa akimfunga shela na hakusimamisha mkono. "Nilinyamaza."

"Kwa kuwa ulimtaka?"

"Kwa kuwa nilikuwa nalia, na sauti haikutoka. Wakasema nimeridhika." Akamaliza kufunga. "Marehemu alikuwa mchu mwema. Nimeishi naye vizuri. Lakini mpaka kufa kwake, hakuna aloniuliza kimya kile kilikuwa cha nini."

Nyayo zikasikika nje. Moyo wa Samiha ulianza kugonga mbio, mbio kama ile kanda mbovu ya Kismayo, na koo likambana. Alijaribu kutamka neno moja, lolote, kwa kujipima, halikutoka. Hapo akaogopa kuliko alivyoogopa mizinga. Akaupeleka mkono chini ya shela, akabonyeza.

Sauti ikatoka ndogo, nzito, inajikokota. Yule mtu alikuwa bado mlangoni, bado anabisha.

"Nini hicho?" aliuliza shahidi mmoja nje.

"Redio," alisema Athmani kwa hasira. "Samiha! Zima!"

Hakuzima. Alikuwa anavuta pumzi pamoja na mwimbaji.

"Nani huyo aimbaye?" aliuliza shahidi wa pili, mzee mwenye masikio mazito. "Ana huzuni, maskini."

Athmani akaona bora amalize. Akainua sauti. "Samiha binti Athmani, Abdulmalik amekuposa nami nimeridhia. Wakubali nikuoze kwake?"

Ndipo betri zikafika mwisho wake. Sauti ya mwimbaji ikazama, ikawa mngurumo, ikawa pumzi, ikakatika. Chumba kikawa kimya, na nje kukawa kimya. Barazani Fahad alifumba macho.

Kimya kikarefuka.

"Alhamdulillahi," alianza shahidi. "Amenyamaza, basi ame—"

"Sijanyamaza," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Ni betri zimekwisha."

Shangazi Zaituni aliziba mdomo kwa viganja viwili.

"Baba, nisamehe," alisema Samiha. Sauti ilitetemeka mwanzo, kisha ikakaa. "Abdulmalik nimemsikia akisifiwa, na sifa anazistahiki zote, sina hata moya ya kumpunguzia. Lakini mimi si sifa, baba, hata nipewe mchu kwa kustahiki. Sikubali."

"Umeniaibisha mbele ya wachu!"

"Ningekuaibisha zaidi kwa kumpa mchu mwema mke asiyemtaka."

"Na kesho? Nani atakulinda njiani?"

"Kesho nitapanda chomboni kama Abdulmalik akinipakia, na asiponipakia nitabaki Chovai nisuke ukili na shangazi. Lakini hapa sinyamazi. Niulize tena ukitaka, baba. Niulize mpaka uchoke."

Athmani alikunja ngumi. Wazee walitazama chini, kila mmoja akivitafuta viatu vyake. Na hapo alisimama yule ambaye kila mtu alikuwa akiogopa kumtazama.

Abdulmalik alikuja hadi karibu na pazia. Uso wake ulikuwa umeiva, maana hata mpole ana damu. Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kunena.

"Mzee Athmani, mimi nimejibiwa. Tena nimejibiwa kwa heshima." Akageuka ili wote wasikie. "Chombo changu hakipakii wachu kwa sababu ya ndoa. Kesho mutapanda nyote, mzee na mtoto. Na mchu yeyote atakayemtazama binti huyu vibaya humo ndani, atanijibu mimi kama ndugu yake." Kilichofuata kilimgharimu. "Lakini posa zilikuwa mbili, mzee. Mimi nilikuwapo. Muulize na jina la pili."

Basi tazama: kisiwa kizima kilikuwa kimemsifu Abdulmalik kwa kubahatisha, kwa sababu ya chombo na mkono wazi, na kumbe kilikuwa sawa kwa sababu kisiyoijua.

Athmani alitazama barazani, alipokuwa amesimama kijana mwembamba asiye na nyumba, asiye na duka, na sasa hata asiye na betri. Alimtazama kwa muda mrefu. Fahad hakuinamisha macho. Angeweza kusema mengi wakati ule, lakini alikuwa amejifunza jambo moja mchana huo, akangoja mwenye kuulizwa aulizwe.

Baba akageukia pazia. Aliposema, sauti yake ilikuwa imeparara.

"Samiha binti Athmani. Yuko hapa mchu moya, Fahad. Hana kichu. Amekuposa." Akakoma, akakohoa. "Wakubali nikuoze kwake?"

Watu wote walitega masikio kuelekea pazia. Hata Zaituni aliacha kupumua. Ndani, mwanamwali aliyekuwa amenena kuliko wanawali wote wa kisiwa kile alijivutia shela usoni, akautoa mkono wake wa pili, ule usio na hina, akamnyooshea shangazi yake aupake.

Akanyamaza.

Mzee mwenye masikio mazito aliinamia mwenzake. "Asemaje?"

"Hasemi kichu."

"Mashahidi," aliuliza Athmani, na macho yake yalikuwa yamelowa, "mumesikia?"

"Tumesikia," wakasema, na nyuma ya pazia Shangazi Zaituni akapiga kigelegele ambacho alikuwa amekiweka tangu ujana wake.